Kibao Kilichonyeshewa

Mwalimu mkuu wa shule aliyosoma Kauthar alikuwa mtu wa kufunga suruali juu sana, mkanda ukakaribia kwapa, na hapakuwa na mtoto aliyethubutu kulisema hilo. Kauthar naye hakulisema. Alilichora. Siku moja wakati wa mapumziko alichukua kipande cha mkaa akamchora mwalimu mkuu kwenye ukuta wa nyuma wa choo, suruali imepanda mpaka shingoni na kichwa kinachungulia kwa juu kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia. Picha ilitoka sawasawa kiasi kwamba watoto wa darasa la kwanza walipopita pale waliiamkia shikamoo.

Alichapwa, na aliyemchapa ni mwenye suruali mwenyewe. Lakini jioni mwalimu mkuu alirudi peke yake kuitazama tena ile picha, akakohoa, na kesho yake akamwita.

"Unaweza kuchora ramani ya Afrika?"

"Naweza, mwalimu."

"Basi kafute ule upuuzi, halafu uje uchore Afrika ukutani, darasa la sita."

Kauthar akachora Afrika nzuri, na mito yake na maziwa yake, ila Tarime akaipa doa kubwa kama la Cairo. Mkaguzi alipokuja akauliza kama kweli Tarime ni kubwa kiasi hicho. "Inategemea mtu amesimama wapi," Kauthar akajibu, na mwalimu mkuu akawahi kumtoa nje kabla hajaongeza neno.

Nyumbani hawakuwa na subira ya namna hiyo. Baba yake, Mzee Abdurahmani, alikuwa fundi cherehani pale Bomani, mtu wa kanzu safi na maneno machache, ambaye babu yake alifika Tarime kutoka pwani na mzigo wa nguo, akaoa, akasahau kurudi. Mama yake Kauthar alikuwa mtu wa Itiryo, mtoto wa wafugaji. Kwa hiyo Kauthar alikua akijua kuomba radhi kwa Kiswahili na kugombana kwa Kikurya, na mara nyingi alihitaji lugha zote mbili kwa siku moja.

Mzee Abdurahmani alitaka binti yake atarizi vitambaa. "Herufi hazivaliwi wala haziliwi," alimwambia kila alipomkuta na brashi. "Sindano nitakuachia pamoja na cherehani. Brashi atakuachia nani?"

"Ndiyo, baba," Kauthar alikuwa akiitikia, kisha anakaa chini na kutarizi mto wa maharusi, na njiwa wawili waliopaswa kubusiana wanatoka na sura za watu wanaodaiana maelezo.

Aliyemtoa nyumbani alikuwa Bi Sophia. Huyu alikuwa mjane mnene, mcheshi, mwenye hoteli ya chai na wali karibu na stendi. Alitaka kibao chenye picha ya kuku. Kauthar akamchorea kuku mwenye macho makubwa yenye huzuni, ambaye kila aliyemtazama aliona kabisa kwamba ameshajua kinachomsubiri jikoni. Wapita njia walisimama, wakacheka, na wakishacheka waliingia kula. Bi Sophia alikaa wiki nzima akitafakari kama akasirike au la. Mwishoni aliamua kwamba mwenye hoteli iliyojaa hana sababu ya kukasirika.

"Wewe mtoto una mkono," alimwambia. "Na una ulimi. Hivyo viwili vikikaa pamoja, ama utatajirika ama utafukuzwa mji."

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, na haukupita muda mlima wa Nyabikondo ukatema dhahabu. Wengine walisema ni ng'ombe aliyepiga kwato akafukua jiwe linalong'aa, wengine walisema ni mganga aliyeota. Vyovyote ilivyokuwa, Tarime ilihama. Kinyozi alihama, mpiga kinanda wa kanisani alihama, mwalimu wa hesabu aliaga kwenda msibani na hakurudi. Wachimbaji huita mkusanyiko kama huo rashi, na rashi ya Nyabikondo ilivuta watu kutoka Mugumu, Musoma, Geita, hata ng'ambo ya mpaka. Bi Sophia alifunga masufuria yake, akamwambia Kauthar, "Watu wale watakula, na kila atakayekula atataka kuandikwa jina. Twende."

Kauthar alimuaga baba yake akisema anakwenda kumsaidia Bi Sophia kupika. Haukuwa uongo. Alipika siku ya kwanza, wali ukaungua, na Bi Sophia akamwomba kwa heshima zote asikaribie tena moto.

Kule mlimani alikuta kazi ambayo hakuiota. Nyabikondo palikuwa na maturubai ya buluu kila upande na mashimo yaliyokaribiana kama vipele vya surua, na shimo lisilo na kibao halikuwa na mwenyewe. Ukienda kula ukalirudia, unamkuta mtu mwingine ndani, naye anakuuliza una shida gani. Kwa hiyo kila mwenye shimo alitaka kibao, tena kikubwa kuliko cha jirani, na kiwe na kitu cha kutisha. Kauthar alichora nyoka, akachora radi, akachora ngumi. Mabati ya zamani aliyanunua kwa wauza vyuma chakavu, akayasugua, akayapaka rangi upya.

Mzee Waitara ndiye aliyekuwa na shimo lenye sifa kuliko yote, na ndiye aliyetaka simba. Mbuga za Serengeti zilikuwa karibu, lakini Kauthar hakuwahi kumwona simba hata siku moja. Alimwona paka wa Bi Sophia. Akamkalisha paka juu ya gunia la mkaa, akamtazama kwa makini, akamwongezea manyoya shingoni. Waitara alipoletewa kibao alikizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Binti," akasema, "simba gani huyu? Anaomba maziwa."

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Mmoja wao, Filemoni, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori, akasema yeye ameona simba wengi maishani, na huyu angemfukuza kwa ndala.

Kauthar hakutikisika. "Mzee wangu, simba anayenguruma ana njaa. Ukimweka simba mwenye njaa mlangoni, watu watasema shimo la Waitara halina kitu. Huyu ameshiba. Tazama anavyosinzia. Nani mwenye simba aliyeshiba Nyabikondo hii?"

Waitara alitazama mashimo ya wenzake, na vibao vyao vilivyojaa meno na kucha. Akanyoosha koti. "Hakuna," akasema. "Mwongezee tumbo."

Hapo Kauthar akajifunza jambo ambalo hakulisahau katika kazi yake yote: kwamba mteja hanunui picha, ananunua maneno ya kuwaambia watu watakaomcheka.

Lakini si kila kosa lilipata maneno mazuri. Wakati mmoja rangi ya mafuta iliadimika mlimani, na kinyozi Mokami akawa anamsumbua kila asubuhi. Kauthar akachukua bati kuukuu lenye maandishi ya mtu mwingine, akalifunika kwa chokaa, akaandika juu yake kwa rangi ya unga iliyokorogwa na maji: SALUNI YA MOKAMI. Ilipendeza mno. Jioni mvua ikanyesha, chokaa ikateremka pamoja na saluni yake, na neno la chini likachomoza jekundu na kubwa juu ya kiti cha kinyozi: BUCHA. Kulikuwa na mteja kitini na sabuni usoni. Alinyanyua macho, akasoma, akaondoka na nusu ya ndevu.

Mokami alimfuata Kauthar na wembe mkononi, si kwa nia mbaya, alisahau tu kuuweka chini. Kauthar aliomba radhi kwa Kiswahili, kisha Mokami alipozidi, akagombana kwa Kikurya. Rangi ya mafuta ilipopatikana akamwandikia upya bure. Ila usiku ule alipolala, alikuwa akicheka peke yake chini ya blanketi, na Bi Sophia akamuuliza kama ana homa.

Baadaye akaja Kornelio.

Hakuna aliyejua ametokea wapi hasa. Alivaa koti jua likiwa utosini, alibeba mkoba wa ngozi, na alisema "makao makuu" kila baada ya sentensi moja, bila kusema ni makao makuu ya nini. Aliwaambia wachimbaji kwamba mwekezaji mkubwa anakuja, na kwamba siku atakapofika, asiye na kadi ya Umoja wa Wachimbaji Wanyonge ataondolewa na shimo lake litafukiwa. Kadi hizo, kwa bahati njema, alikuwa nazo yeye, na malipo aliyapokea mapema. Mzee Waitara aliahidiwa uenyekiti, na tangu siku hiyo akawa anatembea polepole.

Kornelio alimwendea Kauthar kuagiza kibao cha uzinduzi. Alikuwa mteja mgumu kuliko wote. Alitaka nembo yenye sururu mbili na ngao, halafu ngao ikawa ndogo, halafu ikawa kubwa mno. Alitaka buluu ya serikali. Alipoletewa buluu, akasema hiyo ni buluu ya kanga. Mpaka hapo Kauthar hakuwa na ubaya naye. Wateja ndivyo walivyo. Kilichomwangusha Kornelio ni ubahili.

"Bati ni zima, sivyo?" akauliza siku moja, akiligongagonga. "Na nyuma pako wazi?"

"Pako wazi, mheshimiwa."

"Basi usipoteze nafasi. Nyuma uniandikie: Umoja wa Wakulima wa Kahawa Wanyonge. Mwenyekiti mlezi, Kornelio, kama huku mbele. Nikimaliza hapa nitaligeuza tu."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeagiza chai, maana kwake msichana mwenye rangi puani alikuwa sehemu ya bati. Kauthar akaitikia, "Sawa, mheshimiwa," akainama kuchanganya rangi ili uso wake usionekane.

Alikwenda moja kwa moja kwa Waitara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kibao kimekwisha?"

Kauthar akamweleza kila kitu. Waitara alimsikiliza kwa upole wa mwenyekiti. "Binti yangu," akasema, "mtu ana koti. Ana mkoba. Ana muhuri. Wewe unataka niende nikamuulize habari za kahawa?"

"Ndiyo, mzee."

"Nikishakuwa mwenyekiti nitamuuliza," Waitara akasema, na mazungumzo yakaisha.

Bi Sophia ndiye aliyemwamini. Alikuwa akipepeta mchele, akauacha. "Hata mimi nimeshampa fedha ya kadi," akakiri. "Kaniambia nitauza chakula kwa mzungu." Kisha akamtazama Kauthar, na macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Hebu nikumbushe. Ile bucha ya Mokami uliifanyaje?"

Kwa siku kadhaa Kauthar alijifungia nyuma ya turubai la jikoni. Upande wa nyuma wa bati aliandika habari za kahawa, neno kwa neno kama alivyoagizwa, kwa rangi ya mafuta iliyo bora kuliko zote. Upande wa mbele aliandika kwanza maneno yake mwenyewe na kuchora picha yake mwenyewe, nayo kwa rangi ya mafuta, akaiacha ikauke mpaka ikawa ngumu kama kigae. Juu yake akapaka chokaa iliyotiwa uji mwepesi wa muhogo ili ishike, bati likawa jeupe kama halijaguswa. Juu ya chokaa ndipo akaweka sururu mbili, ngao, na ile buluu ya serikali, yote kwa rangi ya unga na maji.

Kornelio alipokuja kulichukua alilinusa. "Mbona halinuki rangi?"

"Hii ni ya kisasa, mheshimiwa. Huko makao makuu hamjaanza kuitumia?"

"Tumeanza," Kornelio akasema haraka. "Muda mrefu."

Lilibaki tatizo la mvua. Majira yale ilinyesha karibu kila alasiri, ikitokea upande wa ziwa, lakini uzinduzi ulipangwa asubuhi. Bi Sophia akamwambia Kauthar hilo amwachie. Kornelio alikuwa ametangaza kwamba watu watakula kwanza, ndipo watoe michango, kwa kuwa mtu aliyeshiba hufungua mfuko bila kinyongo; na mpishi alikuwa Bi Sophia. Asubuhi ile kuni zilikuwa mbichi. Kisha mchele ulikuwa na mawe, ukachaguliwa upya. Kisha sufuria kubwa halikuonekana, likatafutwa mlima mzima, na kumbe Bi Sophia alikuwa amelikalia. Kila Kornelio alipochungulia jikoni alipewa kipande cha nyama aonje chumvi. Pilau lilipoiva, jua lilikuwa limeshavuka, na upande wa ziwa kulikuwa na wingu jeusi.

Watu walikula wakashiba. Kornelio akapanda juu ya kreti, kibao kikiwa kimesimamishwa nyuma yake juu ya nguzo mbili, kimefunikwa shuka. Akalivuta shuka. Watu wakapiga makofi. Hata Kauthar, aliyesimama karibu na masufuria, alikiri moyoni kwamba ile ngao ilimtoka vizuri, na akaona uchungu kidogo.

"Ndugu wanyonge!" Kornelio akaanza. Tone la kwanza likampiga puani.

Mvua za huko hazibishi hodi. Watu wakavuta maturubai kichwani lakini hawakuondoka, maana waliambiwa atakayekosekana hapati kadi. Kornelio naye hakutaka kuwaachia wakiwa wamefikisha mikono mfukoni, akawa anahutubia kwa kupaza sauti, maji yakimtiririka. Hakuona kilichokuwa kinatokea mgongoni kwake. Buluu ya serikali ilianza kulia. Sururu zikalegea, ngao ikateremka ikawa ziwa, chokaa ikafuata kama maziwa yaliyochemka kupita kiasi, na polepole, kuanzia juu, akajitokeza panya mkubwa aliyevaa koti na kubeba mkoba. Chini yake maneno meusi.

Watu wakanyamaza. Kornelio alidhani wameguswa na hotuba, akaongeza sauti.

Mzee Waitara alikuwa amekalishwa mbele kabisa. Kusoma alikujua, ila alisoma kwa sauti na kwa silabi, kama alivyofundishwa ukubwani. Akanyoosha kidole. "Ni-ki-ma-li-za ha-pa," akasoma, "ni-na-kwe-nda kwa wa-ku-li-ma wa ka-ha-wa." Akashusha kidole. "A-sa-nte-ni kwa na-u-li."

Kornelio akageuka. Walitazamana, yeye na panya.

"Hii ni hujuma!" akapiga kelele. "Makao makuu watasikia!"

"Geuzeni bati," Bi Sophia akaita kutoka jikoni, kwa sauti tamu, kama anayeuliza nani anataka chai. Vijana wakaling'oa, wakaligeuza. Nyuma, wakulima wa kahawa wanyonge walikuwa wamekaa salama salimini, herufi zao zinang'aa kwenye mvua, na jina la Kornelio chini yake.

Mtu mmoja akacheka. Nadhani alikuwa Mokami. Kicheko kikapita kwenye maturubai kama moto kwenye nyasi kavu, na hicho ndicho kilichomwokoa Kornelio, kwa sababu watu wanaocheka wamejishika mbavu, hawana mikono ya kushika mawe. Mkoba wake ulifunguliwa, kila mtu akarudishiwa chake, na Waitara, aliyepoteza uenyekiti kabla ya kuukalia, akatoa hukumu.

"Mura," alimwambia Kornelio, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "bati hili uliliagiza wewe. Ni mali yako. Sisi si wezi. Ondoka nalo."

Wakamtwisha. Kornelio akateremka mlima wa Nyabikondo katika mvua, bati kichwani, panya upande huu na kahawa upande ule, hata aliyekutana naye kwa mbele na aliyemwona kwa nyuma wote walipata la kusoma. Alipopita jikoni alisimama mbele ya Kauthar. Kauthar alijikaza, akitegemea matusi.

"Yule panya," Kornelio akasema kwa sauti ya chini, "masikio yamezidi."

Akaenda zake. Na Kauthar, ambaye siku ile alikuwa malkia wa mlima mzima, alikosa usingizi, kwa sababu alipofikiri sana aliona kwamba ni kweli, masikio yalikuwa yamezidi.

Mtu angedhani baada ya hapo wateja walimiminika. Walimkimbia. Waliomrudia walikuja na ndoo. Hakuna aliyepokea kibao Nyabikondo bila kukimwagia maji kwanza na kukisugua kwa gunzi, akisubiri kuona kama kuna tusi chini yake. Mganga mmoja, Kisyeri, alitangaza kwamba panya aliletwa na dawa zake, wala si na binti wa fundi cherehani, akapata wagonjwa wengi. Baadaye alikuja kwa Kauthar kuagiza kibao cha kutangaza hilo.

"Kwa rangi ya mafuta," Kisyeri akasisitiza. "Yote. Kuanzia chini."

Kauthar akamwandikia vizuri, bila hila yoyote, na Kisyeri hakuamini. Kila mvua iliponyesha alitoka nje kukilinda kibao chake na mwavuli.

Habari zilifika Bomani, na Mzee Abdurahmani akafunga safari. Alifika na kanzu yenye tope mpaka magotini, akamkuta binti yake juu ya ngazi.

"Shikamoo, baba," Kauthar akasema kutoka juu, brashi mkononi, akijua kwamba leo kimeumana.

"Marahaba. Shuka."

Alishuka. Baba akala kwanza, polepole, Bi Sophia akimwongezea mchuzi bila kuombwa. Alipomaliza kunawa, akasema, "Nimekwenda Sirari juzi kununua nyuzi. Kuna mbadilisha fedha pale ameezeka kibanda chake kwa bati. Lina panya."

Kauthar akainamisha kichwa.

"Watu wanakwenda kumtazama. Wanasema, huyu kachorwa na binti wa Abdurahmani. Nikatazama koti lake." Mzee akakunja mkono wa kanzu, akaukunjua. "Mshono wa bega umekaa sawa. Wachoraji wengi huuweka nyuma mno. Nani alikufundisha mshono wa bega?"

"Nilikuwa nakutazama, baba."

Mzee Abdurahmani akaitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba amekubali, na hakusema tena habari za sindano. Alipokuwa anaondoka alitaja tu, kama jambo lililomjia njiani, kwamba pale kwenye baraza yake hajawahi kuwa na kibao, na kwamba asingependa mnyama wa aina yoyote.

Dhahabu ya Nyabikondo ilififia kama dhahabu zote zinavyofifia. Mashimo yalijaa maji, maturubai yakakunjwa, Waitara akarudi kwa ng'ombe wake na simba wake aliyeshiba akamfunga juu ya zizi. Kauthar akarudi mjini, na akakuta dunia imebadilika nyuma ya mgongo wake: mtu wa Isebania aliyeitwa Joel alikuwa na kompyuta inayoandika vibao bila brashi. Kauthar alivuka mpaka kwenda kuicheka. Akakaa kutwa nzima. Kesho yake alivuka tena.

"Dada, hii mashine haitaki hasira," Joel alimwambia alipomwona anaipiga kiganja. "Ukikosea, unarudisha tu nyuma. Hivi."

Kauthar akatazama mstari mbaya ukipotea kana kwamba haujawahi kuwepo. Alifikiria mabati yote aliyowahi kusugua kwa msasa, na machozi yakamlengalenga, ingawa kwa Joel alisema ni mwanga wa kioo. Alijifunza kwake msimu mzima, akimlipa kwa kumchorea kwa mkono herufi ambazo mashine haikuwa nazo. Mwishowe akafungua chumba chake Bomani, kinachopakana na cherehani ya baba: kadi za harusi, fulana za vikundi, nembo za mawakala wa forodha wa Sirari ambao wote hutaka lori na wote hutaka lori lao liwe mbele ya la mwenzake. Uchaguzi ukikaribia huwasafisha wagombea nyuso, na kuna wengine huwasafisha kiasi kwamba wake zao hupita chini ya bango bila kugeuka.

Mpaka leo wateja humwambia wakitaka kitu chepesi tu, dakika tano, nembo ikue kidogo, irudi ilivyokuwa, ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Kauthar huitikia, "Sawa." Wasichana anaowafundisha, Elieth na Ummy, huwaambia wasibishane na mteja kabla hajakaa, maana aliyesimama ana haraka ya kushinda.

Juzi juzi aliingia bibi mmoja kutoka Itiryo, Bhoke, amejifunga kitenge kipya, anapumua kwa nguvu kwa sababu ya ngazi za baraza. Kauthar akainuka. "Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka lile karatasi la msiba. Lenye picha na maua."

"Pole sana, bibi. Nani ametutoka?"

"Hajatoka mtu," bibi akasema akijiweka kitini. "Ni la kwangu. Watoto wangu nawajua. Wataweka ile picha ya kitambulisho, naonekana kama mwizi wa mbuzi. Nipige mwenyewe, nichague, nikae nalo."

Kauthar akampiga picha. Bibi akaitazama kwenye kioo cha kompyuta, pua karibu ikigusa.

"Niongezee meno."

Kauthar akamwongezea. Bibi Bhoke akajitazama kwa muda mrefu, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Yamekuwa mengi," akasema. "Watu watasema nilikufa nikicheka."

"Tupunguze, bibi?"

Bibi akafikiri. Nje cherehani ya Mzee Abdurahmani ilikuwa inakimbia, ikasimama, ikakimbia tena.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Na hapa chini ya kidevu unikaze kidogo."